Shamba la Kukodi: Je, Udongo Unanidai?

Andiko: Luka 13:6-9, Walawi 25:14-23



Mfano wa mtini usiozaa tumeuhubiri mara nyingi hapa kanisani, na karibu kila mara tunaishia pale pale: Mungu ni mvumilivu, tubu kabla shoka halijafika. Ni kweli, na silipingi neno hilo. Lakini wiki hii naomba tumwangalie mtu wa katikati, yule mtunza shamba, ambaye huwa tunampita haraka tukikimbilia shoka. Shamba si lake. Mti si wake. Mwenye shamba amekuja miaka 3 akitafuta tunda na kukosa, na ukisoma vizuri utaona malalamiko yake ni mawili: mti hauzai, na tena unaiharibu ardhi bure. Yaani huyo tajiri alikuwa anahesabu hata udongo. Mtunza shamba angeweza kusema "sawa mkubwa", akakata mti, akaenda kunywa chai. Badala yake anaomba mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo hatakaa akingoja. Atalima kuuzunguka ule mti na kuutilia samadi. Mikono yake ndiyo itakayonuka, mgongo wake ndio utakaouma, na tunda likipatikana litaliwa na mtu mwingine.

Mtu wa kukodi mashamba angemwuliza: sasa wewe unapata nini hapo?

Si swali la mzaha. Liliulizwa katika ushirika wa wanaume na ndugu anayelima nyanya kwenye ekari 2 za kukodi, na tangu siku hiyo wengine wameniuliza lile lile kwa maneno yao. Alisema, "Pasta, shamba nimepewa kwa misimu miwili. Afisa wa kilimo anasema nitie samadi, nitie chokaa, nirekebishe matuta. Kwa nini nimlishe ng'ombe ambaye maziwa yake atakunywa mwingine?" Wanaume walicheka, lakini nikaona wengi wakitikisa vichwa kukubali. Katika kusanyiko letu wako wengi wanaolima mahali ambapo si pao. Wako wanaokodi kando ya mto, wako vijana walioajiriwa kutunza mashamba ya watu wanaoishi Nairobi, wako kina mama wanaolima ploti ya jirani mpaka atakapojenga, na wako wanaosimamia shamba la familia ambalo halijagawanywa, kila mmoja akijua kwamba siku ya kugawa huenda ile sehemu aliyoitunza ikaangukia kwa ndugu yake.

Kwanza nataka nimtetee ndugu huyo, maana tukimjibu haraka kwa aya ya Biblia tutakuwa hatujamsikia. Samadi haitoi nguvu yake yote msimu mmoja. Sehemu inatumika sasa, sehemu inabaki udongoni na kuendelea kuoza na kulisha mimea msimu wa pili, wa tatu, hata zaidi. Chokaa ya kilimo nayo ni hivyo hivyo, ukiitia leo inafanya kazi misimu kadhaa. Tuta ndilo refu kabisa, mtu anachimba leo na wajukuu wanalikuta. Kwa hiyo mpangaji wa misimu miwili akigharamia hayo yote, ukipiga hesabu amempa zawadi mwenye shamba, ambaye mara nyingi ana pesa kumshinda. Na huyu mpangaji ana watoto wa kulipia karo. Kumwambia tu "fanya, Mungu anaona" ni kweli, lakini ni rahisi kusemwa na mtu ambaye hanunui lori la samadi.

Basi tuulize vizuri. Nikikodi shamba, nimenunua nini hasa?

Walawi 25 ina jibu ambalo, nakiri, lilinishangaza kwa jinsi lilivyo la kibiashara. Waisraeli walikatazwa kuuza ardhi moja kwa moja. Walichoweza kuuziana ni idadi ya mavuno yaliyobaki mpaka mwaka wa yubile. Miaka ikiwa mingi, bei inapanda, ikiwa michache, bei inashuka, kwa sababu, Mungu anasema, kinachouzwa ni hesabu ya mavuno. Ni kukodi kule kule tunakokujua sisi, na mipaka yake imewekwa wazi. Ulilipia mavuno, udongo haukuwa sehemu ya bei.

Chukua mfano wa matatu. Dereva wa skwodi anapewa gari kwa mizunguko michache. Anachopata katika mizunguko ile ni chake baada ya kutoa hesabu ya mwenye gari, hakuna atakayemlaumu. Lakini akirudisha gari jioni na magurudumu mawili hayapo, hawezi kusema, "Nilikuwa nimepewa gari." Alipewa safari. Mwenye kukodi shamba naye alipewa misimu. Akivuna nyanya ni zake, hata zikiwa nyingi ajabu, hata bei ikipanda mara tatu. Akiondoka na rutuba, ameondoka na magurudumu.

Hapa ndipo napenda tutenganishe mambo mawili ambayo mahubiri mengi huyachanganya. Kuna kutoharibu, na kuna kuboresha. Kurudisha shamba likiwa na afya ile ile uliyolikuta nayo ni haki, tena ni haki ya kawaida kabisa, hata kwa mtu asiyeokoka. Kulirudisha likiwa bora zaidi ni neema, au ni jambo la makubaliano kati yako na mwenye shamba. Yule ndugu yetu hadaiwi kumjengea tajiri shamba la ndoto zake. Tukimwambia anadaiwa hilo, tunamtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika. Lakini kutoharibu anadaiwa. Na mtunza shamba wa Luka 13 alikwenda hatua ya pili kwa hiari yake, ndiyo maana Bwana alimweka katika mfano.

Mpaka hapo nadhani wengi tunakubaliana. Shida inaanza ukiuliza: nitajuaje kama naharibu?

Gurudumu likitoka, kila abiria anaona. Udongo unaondoka kimya. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hiyo mtanivumilia nikitoa daftari. Tuseme ekari moja imekupa magunia 15 ya mahindi. Gunia la kilo 90 linabeba ndani yake zaidi ya kilo moja ya naitrojeni, chakula ambacho mmea ulikinyonya kutoka udongoni. Kwa magunia 15 hiyo ni takriban kilo 20. Wewe ulipanda na mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50. Soma maandishi ya mfuko: asilimia 18 ni naitrojeni, yaani kilo 9, na hata hizo 9 si zote zilifika kwa mmea, nyingine zilisombwa na maji. Zile nyingine 11 na zaidi zilitoka wapi? Halafu mabua ukayakata ukampelekea ng'ombe, au ukamwuzia jirani. Mabua ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya potasiamu ambayo mahindi yalichukua, na ndani ya DAP hakuna potasiamu hata chembe. Ng'ombe akikaa katika shamba hilo hilo na samadi yake ikarudi, kidogo kimerudishwa. Ng'ombe akiwa kijiji kingine, umehamisha shamba kwa mkokoteni.

Katika biashara, mtu anayeuza mashine za kiwanda chake polepole na kuandika pesa ile katika safu ya faida tunamwita mtu aliyekula mtaji. Anaonekana anafanikiwa. Anaweza hata kutoa ushuhuda na kuleta fungu la kumi. Lakini kuna siku atafungua kiwanda na kukuta kuta tupu. Mkulima anayekula mtaji wa shamba lake mwenyewe amefanya upumbavu, na atakayelia ni yeye na watoto wake. Akiwa anakula mtaji wa shamba la mwingine, jambo hilo lina jina jingine, na tunalifahamu kutoka Kutoka 20.

Na si rutuba tu. Mbolea za aina ya DAP zikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila kitu kingine huongeza asidi katika udongo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kuchoma mizizi, na fosforasi unayonunua kwa pesa nyingi inafungwa, mmea hauwezi kuichukua. Hapo mkulima anaona mahindi ni ya zambarau na mafupi, anadhani mbolea haikutosha, anaongeza DAP. Anaongeza kile kile kilichomletea shida. Nimeona watu wakifunga na kuombea shamba la namna hiyo wakidhani limerogwa na jirani. Sisemi hakuna uchawi, Biblia inaujua. Nasema pima udongo kabla ya kumshtaki jirani.

Nyanya nazo zina habari yao. Nyanya ikifuatwa na nyanya, halafu viazi, halafu pilipili hoho au biringanya, hiyo yote ni jamaa moja, na mnyauko wa bakteria ukishaingia katika udongo unaweza kubaki miaka mingi. Mpangaji akiona unaanza, anahama, anakodi ekari nyingine upande wa juu wa mto. Mara nyingi anaondoka nao pia, kwenye jembe na viatu vyake. Anayebaki ni mwenye shamba, labda mama mjane ambaye kodi ile ndiyo ilikuwa riziki yake, na sasa hakuna atakayelikodi tena kwa bei ile. Atapanda miche yake michache ya nyumbani, ataiona ikinyauka ingali kijani, na hatajua amwulize nani.

Sasa mpangaji atasema, "Lakini Pasta, mimi sikujua." Naamini hakujua. Swali ni kama kutojua kunamwondolea deni.

Luka 12:47-48 huwa inanisumbua. Mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake na asiyafanye alipigwa sana. Yule asiyejua alipigwa kidogo. Kidogo, lakini alipigwa. Kwa muda mrefu wengi tumesoma pale kama vile Bwana anapunguza adhabu tu, na ni kweli amepunguza. Lakini kwa nini ibaki hata moja? Nadhani ni kwa sababu alikuwa amekubali kazi. Mtoto akivunja sahani kwa kutojua tunamhurumia. Mtu aliyepokea funguo za gari la watu na kuliendesha bila kujifunza kuendesha, akigonga, hatusemi "maskini, hakujua breki iko wapi". Tunamwuliza: nani alikulazimisha kukalia usukani? Anayechukua shamba, la kukodi au la kuajiriwa au la urithi, amekalia usukani. Kujifunza udongo ni sehemu ya kazi aliyokubali. Wajibu huo unaanza siku ya kupokea funguo, kabla shamba halijaanza kuugua.

Lakini lazima niseme upande wa pili. Kuna watu ambao kweli hawakupata nafasi. Maafisa wa kilimo ni wachache na eneo ni kubwa, na mama anayelima robo ekari hajawahi kumwona hata mmoja akisimama langoni kwake. Kwa mtu huyo, yale mapigo machache nadhani yanahamia kwa sisi wengine tuliokuwa na uwezo wa kumfundisha au kumleta mwalimu na hatukufanya. Kanisa lina viti, lina kivuli, lina umati kila Jumapili. Tumewahi kuita watu kufundishwa mambo ya ndoa, mikopo, hata kutengeneza sabuni. Hosea anaposema watu wa Mungu wanaangamia kwa kukosa maarifa, anawakemea makuhani kwanza. Someni sura ya 4 yote mtaona.

Sasa nimgeukie mwenye shamba, maana mpaka hapa amekaa kitako akifurahi kwamba mpangaji anakemewa.

Sisi wa Machakos hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Miaka ya 1930 wilaya hii ilitajwa na wakoloni kama mahali ambapo ardhi imekufa, makorongo kila upande, vilima vimebaki uchi. Serikali yao ikaleta dawa mbili, zote kwa nguvu: kupunguza ng'ombe na kuchimba makinga maji. Mwaka 1938 ng'ombe walipoanza kuchukuliwa, umati mkubwa wa Wakamba ulitembea hadi Nairobi na Muindi Mbingu akawa msemaji wao. Yeye alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini ule mpango wa kunyang'anya ng'ombe ulisimamishwa. Kazi ya lazima ya makinga maji iliendelea miaka iliyofuata, na watu walichimba wakinung'unika, tena mengi yakaachwa yabomoke msimamizi alipogeuza mgongo.

Je, wazee wetu hawakupenda udongo wao? La. Walikuwa na sababu. Vilima vya Mua, ardhi nzuri, vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na walowezi. Mtu ambaye ameona ardhi ya jirani ikienda hivyo anajiuliza, na ana haki ya kujiuliza: nikilitengeneza hili shamba likawa zuri, je, uzuri huo ndio utakaowafanya walitake? Hauwezi kumfundisha mtu kutunza kitu ambacho anatarajia kunyang'anywa. Unaweza kumlazimisha mikono tu.

Halafu tazama yaliyofuata. Wakulima walipopata uhakika zaidi wa mashamba yao, wakaruhusiwa kupanda kahawa, wakapata soko la mboga na matunda Nairobi, watu wale wale walichimba matuta wenyewe bila askari. Vikundi vya mwethya, wengi wao kina mama, vilikwenda shamba kwa shamba. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo kwa msaada wa Sweden, na maafisa wakafundisha watu kupima usawa wa mteremko, kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Hiyo ndiyo fanya juu, na jina hilo la Kiswahili leo limo katika vitabu vya wataalamu wa udongo dunia nzima. Baada ya mvua kadhaa ule udongo unaoteremka unajikusanya nyuma ya ukingo, na mteremko unakuwa ngazi. Ukingo ukipandwa nyasi, ng'ombe anakula na tuta linashikana. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya Machakos ambacho jina lake lenyewe linasema watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua. Idadi ya watu ilikuwa imekua zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930, na shamba lililosemekana limekufa lilikuwa linalisha kuliko zamani. Wasomi wengine wamewapinga wakisema si kila nyumba ilinufaika, na ukitembea pande za chini, kule kavu, utaona wana hoja. Lakini matuta yako pale. Wengi wenu mmezaliwa juu yake.

Ufundi nao ulibadilika kiasi kati ya miaka ya kikoloni na ya baadaye.  Lakini jambo kubwa lililobadilika ni kwamba anayechimba alijua atavuna hapo kesho.

Basi wewe mwenye shamba unayekodisha msimu kwa msimu, na kila mara unasema "tutaona mwaka ujao", umemweka ndugu yako katika woga ule ule. Akilitunza likapendeza, unapandisha bei au unalirudisha ukalime mwenyewe. Hiyo imetokea, tunawajua waliofanyiwa. Halafu unalalamika kwamba wapangaji wanamaliza ardhi. Wewe ndiye uliyeandika mkataba unaomlipa mtu kwa kumaliza ardhi. Sheria haikukatazi kukodisha kwa msimu mmoja, lakini tuliookoka hatuulizi tu kama jambo ni halali.

Tena huwezi kujitetea kwamba ni yako. Walawi 25:23, Mungu anawaambia wenye mashamba, si wapangaji, kwamba ardhi ni yake na wao ni wageni na wapangaji kwake. Hati iko kwenye sanduku la mama chini ya kitanda, vizuri, itunze. Inakulinda dhidi ya jirani, haikulindi dhidi ya Mwenye shamba wa juu. Na hata nchi yetu imelisema hilo kwa namna yake: Kifungu cha 60 cha Katiba ya 2010 kinataka ardhi isimamiwe kwa njia endelevu, na hakisemi "isipokuwa kama una hatimiliki".

Ushauri wangu kwa pande zote mbili ni wa kawaida. Kodishianeni miaka 3 au 5 badala ya msimu. Pimeni udongo siku ya kuingia na siku ya kutoka, muandike. Maabara ya KALRO pale Kabete hupima, na kaunti inaweza kuwaelekeza kwingine. Chokaa, kwa sababu itabaki baada ya mpangaji kuondoka, mwenye shamba achangie au aipunguze kwenye kodi. Mabua yabaki shambani, au yakitoka, samadi irudi. Tuta likibomoka kwa mvua, atengeneze mpangaji, na kama halikuwepo kabisa, kulichimba ni gharama ya mwenye shamba. Mazao ya jamaa ya nyanya yasifuatane. Andikeni haya, hata kwa karatasi ya daftari la shule, wawili washuhudie. Nimesikia wakisema mkataba kati ya watu wa kanisa ni kukosa imani. Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa kupima fedha mbele ya wenyeji wote langoni mwa mji, na hakuna aliyemwita mtu wa imani haba.

Na mwenye shamba akikataa yote? Basi mpangaji bado anadaiwa lile la kwanza, kutoharibu, maana dhambi ya mwingine haifuti deni langu. Lakini hadaiwi lile la pili, na yuko huru kutafuta shamba la mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoachana na ndugu wawili watatu wanaosema mtakatifu lazima aboreshe kila anachogusa. Akiweza, atukuzwe Mungu. Asipoweza, asilale akijishtaki.

Kuna pingamizi moja la kiroho ambalo siwezi kuliruka, maana linasemwa hata na wazee wa kanisa: dunia hii inapita, 2 Petro 3 inasema itateketea, mbona tushughulike na udongo? Mwenzangu anayesema hivyo namwona akijenga nyumba ya mawe ya kudumu na kulipa mkopo wa miaka 20. Tuendelee. Neno linasema Yuda walipopelekwa uhamishoni, ardhi ilipata sabato zake ilizonyimwa, miaka 70, 2 Nyakati 36:21. Kumbe kuna mtu alikuwa akiandika kila mwaka ambao ardhi ilinyimwa kupumzika, na alikuwa anahesabu bila kusahau. Mungu ambaye ataiunguza dunia siku moja ndiye aliyekuwa na daftari hilo.

Na kuhusu maombi, mwezi wa Machi na wa Oktoba tutaendelea kuleta mbegu madhabahuni na kuziombea, sina mpango wa kupunguza. Lakini mbegu iliyoombewa tukaitupa katika udongo uliokaukiwa mboji, tukachoma mabua ili shamba lionekane safi, tumemwomba Mungu afanye muujiza pale ambapo tayari alitupatia samadi.

Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya maombi ya asubuhi, afisa wa kilimo atakuwa nasi hapa uwanjani hadi saa nane mchana. Atafundisha kupima mteremko kwa fremu ya mbao yenye umbo la A, kutengeneza mboji, na kusoma majibu ya maabara. Hakuna kiingilio. Wale wenye mashamba mbali na wanaotegemea kijana wa kazi, tafadhali msije nyinyi peke yenu mkaandika vizuri kwenye daftari na kurudi nalo Nairobi. Anayeshika jembe ndiye anayetakiwa hapa. Mpe nauli, na siku hiyo usimkate mshahara.

Atakayetaka udongo wake upelekwe kupimwa, auchukue hivi: tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, chimba sehemu 15 au 20 kufikia sentimita 20, epuka chini ya miti, kwenye kichuguu na pale ng'ombe walipolala. Changanya katika ndoo safi, kausha kivulini, lete nusu kilo tu. Mfuko usiwe uliobeba mbolea, utaharibu majibu. Andika juu yake mazao ya misimu miwili iliyopita. Na kama shamba ni la kukodi, mwalike mwenye shamba mje pamoja. Viti vipo.